Kupunguza madaraja ya kodi hakumrahisishii mlipakodi chochote, na tumechoka kudanganywa

Ndugu wanajukwaa,

Nimechoshwa na ahadi ya "kurahisisha kodi", na nimechoshwa zaidi kuona inavyopigiwa makofi na watu walewale watakaoumizwa nayo. Anayeitoa husema yaleyale kila mara: sheria ni nene mno, madaraja ya viwango ni mengi mno, misamaha imejaa kila kona, kwa hiyo tufute yote tuanze upya na kiwango kimoja, na kuanzia hapo kila mtu atajaza ritani yake, yaani taarifa yake ya mapato na kodi ya mwaka, kwenye kikaratasi kimoja. Maneno hayo yanachanganya urefu wa sheria na ugumu wa kulipa kodi, na sisi tunaolipa ndio tunaobaki na mzigo baada ya makofi kuisha.

Tuanze na hayo madaraja, yaani viwango vinavyopanda kadiri pato linavyoongezeka, kwa kuwa ndiyo yanayoshambuliwa kwanza. Mtu akishajua kwa hakika pato lake linalotozwa kodi ni kiasi gani, kukokotoa kodi yenyewe ni kazi ya dakika moja, yawe madaraja ni mawili au ni saba. Anasoma jedwali, au programu inamkokotolea. Kinachomkosesha usingizi ni kuifikia hiyo namba ya pato, na huko ndiko wapiga debe wa kiwango kimoja hawataki kutupeleka.

Mchukueni mtu aliyejiajiri na anayefanyia kazi nyumbani. Simu yake ni moja, mchana anaongea na wateja, usiku anaongea na ndugu zake; ni sehemu gani ya gharama ya simu hiyo ihesabiwe kuwa ya biashara? Mwaka huu amenunua mashine itakayodumu miaka kadhaa; aiondoe bei yote kwenye mapato ya mwaka huu, au aigawe kama uchakavu kwa miaka yote ya matumizi yake? Mteja mmoja alipelekewa ankara mwishoni mwa mwaka akalipa mwaka uliofuata. Pato hilo ni la mwaka upi? Mteja mwingine hajalipa na dalili zote zinaonyesha kwamba hatalipa. Je, atozwe kodi ya fedha ambayo hajawahi kuishika mkononi? Kiwango kimoja cha kodi hakijibu hata swali moja kati ya hayo. Kiwango kikiwa asilimia 30 au asilimia 5, maswali yanabaki vilevile, kwa sababu kinachoulizwa ni pato ni nini, gharama ni nini, na mwaka unaohusika ni upi.

Sheria inarefuka kwa sababu inajaribu kuyajibu. Ukiifupisha ikabaki na kifungu kimoja kinachosema kwamba gharama za biashara zitaondolewa kwenye mapato, maswali hayatakuwa yamekufa. Yatakuwa yamehamia kwenye meza ya mkaguzi, miaka mitatu baadaye, pamoja na adhabu na riba. Tajiri hatajali sana, maana ana mhasibu wa kumtetea na mwanasheria wa kukata rufaa. Ni huyu mwenye simu moja ndiye atakayelipa ili yaishe, hata kama alikuwa na haki.

Uingereza walijaribu njia ya kuiandika upya sheria kwa lugha nyepesi. Mradi huo ulianza mwaka 1996 na kufungwa mwaka 2010, ukazaa sheria kadhaa mpya zinazosomeka vizuri kuliko zile za zamani. Zilisomeka vizuri, lakini zilikuwa ndefu zaidi, kwa kuwa kueleza jambo kwa uwazi huhitaji maneno mengi, na kodi yenyewe haikubadilika, kwani lengo halikuwa kugusa sera. Mwaka huohuo wa 2010 ikaundwa ofisi maalumu ya serikali ya kushauri kuhusu kurahisisha kodi. Mwaka 2022 serikali ikatangaza kuifuta, ikisema kwamba kurahisisha kodi liwe jukumu la kila idara inayohusika, na mwaka uliofuata ikafutwa kisheria. Ofisi ile ilikuwa na uwezo wa kushauri tu, na uamuzi ulibaki kwa mawaziri, ambao kila bajeti walikuja na punguzo jipya na sharti jipya.

Kuna watakaonijibu kwa kuitaja Marekani ya mwaka 1986, kwa hiyo niwahi. Sheria aliyoitia saini Rais Ronald Reagan mwezi Oktoba mwaka huo iliyabana madaraja zaidi ya kumi yakabaki mawili ya msingi, asilimia 15 na asilimia 28, na ikaziba mianya mingi iliyokuwa ikitumiwa na wenye fedha. Kuziba mianya lilikuwa jambo la haki na siwezi kulibeza. Lakini njia iliyotumika kuiziba ilikuwa kanuni mpya kuhusu hasara za shughuli ambazo mlipakodi hazisimamii mwenyewe, na kanuni hizo zilimlazimu hata mtu mwenye nyumba moja ya kupangisha apime anashiriki kwa kiasi gani katika kuiendesha, aihamishie hasara kwenye mwaka unaofuata kama hakufikia kipimo, na ajaze fomu nyingine juu ya zile alizokuwa nazo. Na madaraja yenyewe yaliyosifiwa sana? Kufikia mwaka 1993 yalikuwa matano.

Kisha ikaja sheria ya mwaka 2017, na ahadi kwamba ritani itatosha kwenye kadi ya posta. Fomu kuu ya mwaka wa kodi 2018 kweli ilipunguzwa ikawa nusu ukurasa mbele na nyuma, na wanasiasa wakaionyesha kwa fahari. Mistari iliyoondolewa ilipelekwa kwenye viambatisho sita vipya, hivyo mtu aliyekuwa na riba ya mkopo wa masomo, au aliyekuwa na biashara ndogo pembeni, alisoma fomu fupi inayomwelekeza kwenye kiambatisho, akakokotoa huko, akarudi na jumla kwenye fomu fupi. Mwaka uliofuata viambatisho vikapunguzwa vikawa vitatu na fomu kuu ikarefuka tena. Hayo ndiyo ninayoyalalamikia: karatasi ilifupishwa ili ipigwe picha, na kazi ya mlipakodi ikabaki palepale.

Kwa haki niseme pia kwamba sheria hiyohiyo ilifanya jambo moja la maana, nalo ni kukaribia kuongeza maradufu punguzo la jumla ambalo mtu hulipata bila kuorodhesha gharama zake mojamoja. Mamilioni ya watu waliacha kukusanya risiti za kuthibitisha makato yao, na huo ni urahisi wa kweli kabisa. Hata hivyo, katika kurasa zilezile kulikuwa na punguzo jipya la asilimia 20 kwa mapato ya biashara zisizo kampuni za kawaida, lililofungwa kwa masharti kuhusu aina ya biashara, mishahara iliyolipwa na thamani ya mali, masharti ambayo mtu wa kawaida hayawezi bila msaada. Urahisi ulitolewa kwa mkono mmoja na ugumu ukaingizwa kwa mwingine, na vyote viwili vikaitwa mageuzi ya kurahisisha.

Kinachorahisisha kweli ni kuondoa mipaka kati ya vitu vinavyotozwa tofauti, na hilo huwa na gharama ambayo wanasiasa hawapendi kuitaja. Pale Uingereza keki hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya kiwango cha sifuri, wakati biskuti zilizopakwa chokoleti hutozwa kiwango cha kawaida. Kwa sababu ya mpaka huo, mwaka 1991 baraza la rufaa za kodi lililazimika kukaa na kuamua kama vitafunwa viitwavyo Jaffa Cakes ni keki au ni biskuti, likipima ukubwa wake, ulaini wake, na jinsi inavyokuwa ngumu ikichacha wakati biskuti hulegea. Iliamuliwa kuwa ni keki. Watu wazima wenye elimu, mawakili wa pande mbili na fedha za umma vilitumika kujadili unga uliookwa, na hakuna aliyekuwa na kosa, kwa maana sheria ilikuwa imeweka mpaka na mpaka lazima uwe mahali fulani.

New Zealand ilipoanzisha kodi ya namna hiyo mwezi Oktoba 1986, kwa kiwango cha asilimia 10, iliamua kutoza karibu kila kitu, chakula kikiwemo. Muuzaji haulizwi kama alichouza ni keki au ni biskuti. Ni rahisi, nakiri, lakini maana yake ni kwamba maskini hulipa kodi kwenye chakula, na serikali inapaswa kumfidia kwa njia nyingine, na ndiyo sababu madai ya kutaka matunda na mboga zisamehewe hayajawahi kuisha huko. Anayetaka kurahisisha kwa mtindo huo aseme hadharani kwamba ataweka kodi kwenye chakula, na aseme fidia itamfikiaje asiye na ajira rasmi. Akisema hivyo tutabishana naye kama watu wazima. Hawasemi hivyo kamwe. Hutaja misamaha kwa jumla, kana kwamba yote ni ya vigogo, wakati kila msamaha unaofutwa ni ongezeko la kodi kwa mtu fulani.

Hata kiwango kimoja chenyewe hakidumu. Urusi iliweka asilimia 13 kwa wote mwaka 2001. Mwaka 2021 ikaongeza daraja la asilimia 15 kwa mapato yanayozidi rubo milioni 5 kwa mwaka, na kuanzia 2025 madaraja ni matano. Slovakia ilianza na asilimia 19 mwaka 2004, ikaachana nayo mwaka 2013. Estonia, ambayo husifiwa kuliko zote tangu ilipoanza mwaka 1994, ilibaki na kiwango kimoja lakini mwaka 2018 ikaleta kiasi kisichotozwa kodi ambacho kilipungua kadiri mshahara ulivyopanda kutoka euro 1,200 hadi kuisha kwenye euro 2,100 kwa mwezi. Mtu aliyekuwa katikati ya hapo alitozwa, kwa kila euro aliyoongezewa, zaidi ya kiwango kilichoandikwa kwenye sheria, na kujua kiasi gani kulihitaji hesabu. Madaraja yalikuwepo, ila hayakuitwa madaraja.

Wadogo wanarahisishiwa kwa namna nyingine inayonikera kuliko zote, nayo ni kodi ya mauzo ghafi. Hakuna kukokotoa faida, hakuna uchakavu, unalipa asilimia fulani ya ulichouza, basi. Wafanyabiashara wawili wakiuza kila mmoja 100, wa kwanza akabaki na 40 baada ya gharama na wa pili akabaki na 3, kodi ya asilimia 3 ya mauzo inamwacha wa kwanza na 37 na inamwacha wa pili bila kitu. Aliyepata hasara analipa pia. Ni kodi ambayo hata mtoto anaweza kuikokotoa, na inamnyonga yule mwenye faida nyembamba, kisha inamfundisha kila mtu kuficha mauzo au kuigawa biashara vipande viwili ili asivuke kikomo. Tusiambiwe kwamba hapo tumepewa zawadi.

Wakati huohuo linaachwa jambo ambalo lingetupunguzia kazi bila kugusa kiwango hata kimoja. Mamlaka za mapato tayari zinapokea taarifa za mishahara kutoka kwa waajiri, za riba kutoka benki, na za kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla malipo hayajamfikia mtu, kutoka kwa kila anayeikata. Denmark imekuwa ikiwajazia watu wake ritani kwa taarifa hizo tangu miaka ya 1980. Sweden nayo hupeleka ritani iliyokwisha kujazwa, na mwenye kukubaliana nayo huithibitisha kwa simu. Nchi hizo hazina kodi nyepesi wala sheria fupi. Kilichotofautiana ni nani anayefanya kazi ya kujaza. Marekani ilianza kujaribu mfumo wake wa serikali wa kujaza ritani bure mwaka 2024 katika majimbo 12, ukaongezwa mwaka uliofuata, kisha ukaondolewa kabla ya msimu wa 2026. Kwa nchi inayolalamikia ugumu wa kodi kila uchaguzi, hilo ni jambo la kuudhi.

Najua njia hiyo inamsaidia zaidi mwajiriwa kuliko aliyejiajiri, maana hakuna anayeitumia mamlaka taarifa za gharama zake. Kwake kinachohitajika ni majibu ya maandishi kabla ya kukosea, yaani aulize mamlaka, ajibiwe kwa muda uliowekwa, na jibu hilo limlinde mbele ya mkaguzi. Kinachohitajika pia ni sheria ikae miaka kadhaa bila kuguswa, kwa sababu kanuni ngumu ambayo umeshaizoea inakupotezea muda mchache kuliko kanuni nyepesi inayobadilishwa kila bajeti.

Waziri yeyote atakayeleta muswada wa kurahisisha kodi aulizwe ni fomu ipi itakayoacha kujazwa, na nani ataacha kuijaza, na ni nani atakayelipa zaidi misamaha ikifutwa. Kama hana majibu, muswada urudishwe alikotoka nao. Wenye hoja tofauti karibuni, ila mje na nchi, mwaka, na kazi iliyompungukia mlipakodi. Idadi ya kurasa za sheria nimeshaisikia vya kutosha.