Pono kalala ndani ya nailoni, au ni macho yangu?

mzamia_usiku:
Wakuu habari zenu. Juzi nimezama usiku kwa mara ya kwanza, namulika tochi kwenye upenyo wa matumbawe namkuta pono katulia tuli, kafunikwa na kitu kama nailoni toka mdomoni mpaka mkiani. Nikajua takataka zimemnasa, ile kunyoosha mkono nimtoe tu ikachanika kama kamasi, jamaa akachomoka akajigonga kwenye mwamba. Ile nini? Au nimemuua bure?

kichwa_mwamba:
Hahaha umemvua mwenzio shuka! Ni ute wake mwenyewe, unatoka kwenye tezi karibu na matamvua unamzunguka taratibu, saa nzima inaweza kuisha. Usingizi wa pono wahenga hawakuutoa hewani.
Wengi wanasema ute unaficha harufu ili mkunga asimnuse, lakini mwaka 2010 watafiti waliwavua pono shuka kimyakimya bila kuwaamsha, wakawaachia vidudu vinavyonyonya damu ya samaki. Waliobaki uchi karibu wote waling'atwa, wenye shuka wachache tu. Kwa hiyo ni chandarua bana. Hujamuua, ila umemwacha na mbu usiku kucha.

Mama Kasa:
Ongezea si pono wote wanaojifunika, kuna aina zinalala hivihivi.

dogo_mbishi:
Mi siwaonei huruma, mchana wanatafuna matumbawe mpaka unasikia kru kru kru.

kichwa_mwamba:
@dogo_mbishi wengi wanakwangua mwani uliojibandika kwenye mawe, na mwani ukiachwa ukatanda matumbawe machanga hayapati pa kushika. Kwelikweli yule mkubwa mwenye nundu kwenye paji anamega hadi yaliyo hai, huyo sikutetei. Lakini mawe yote wanayomeza yanasagwa na meno mengine yaliyoko kooni, yanatoka nyuma mchanga mweupe. Kuna kisiwa Maldivi walipima, zaidi ya asilimia 85 ya mchanga mpya ulitoka kwa pono. Belize wao walishapiga marufuku kuwavua tangu 2009.

Mama Kasa:
@mzamia_usiku alikuwa rangi gani?

mzamia_usiku:
Kahawia iliyopauka, hana mvuto kabisa.

Mama Kasa:
Basi huenda ni jike. Mpe muda, wengi wao wakikua wanageuka madume, rangi ya kijani na bluu inayowaka. Na tochi mulika pembeni, siyo machoni.

mzamia_usiku:
Kumbe nimemvua shuka bi mkubwa 🙈