Mtaa wa H hapa Washington: kweli moto wa 1968 bado unaonekana?

Mgeni_Takoma

Shikamooni wakubwa wa Washington na Maryland.

Nina miezi mitano tangu nifike kutoka Morogoro, nasambaza vifurushi kwa gari. Njia yangu ya kila siku ni mtaa wa H, upande wa Kaskazini Mashariki, na kuna kitu sikielewi. Unakuta ghorofa jipya la vioo, ubavuni mwake nyumba ya matofali ya zamani imebaki peke yake, kisha kiwanja kitupu kimezungushiwa uzio, kisha ghorofa jingine la vioo. Kama mdomo wenye meno ya bandia na mapengo.

Juzi babu mmoja anayewapokelea jirani zake vifurushi alinionyesha kwa fimbo: hapa palikuwa na duka la viatu, pale la samani, pale kinyozi wake. Akasema yote yaliungua Martin Luther King, yule mpigania haki za weusi, alipouawa. Nikapiga hesabu: 1968! Baba yangu alikuwa hajazaliwa. Ikulu yao haizidi maili tatu kutoka hapo. Inawezekanaje mji mkuu wa nchi kama hii ukae na viwanja vya moto wa siku tatu kwa zaidi ya miaka hamsini? Au babu anachanganya mambo?

Dereva_wa_Zamani

Karibu mdogo wangu. Mimi nilifika 1988 na nimeendesha teksi mitaa hiyo usiku na mchana. Kilichoiua ni kokeini ya kuvuta, ile wanayoiita kraki. Mwaka 1991 peke yake waliuawa watu zaidi ya 470 katika mji ambao haukufikisha watu laki sita na nusu. Vijana waliokuwa wakiuza kwenye pembe za mtaa wa 14 hawakuwahi kumwona King akiwa hai. Babu mheshimu, lakini moto ule ni wa zamani mno kubeba lawama zote.

Mama_Chumbageni

Marahaba mwanangu. Babu hajachanganya.

Kaka Dereva, hizo dawa nami nilizikuta, na vijana wa watu nimewaona wakizikwa. Ila jiulize zilipata wapi pa kukaa. Muuza unga hapangi biashara yake mbele ya duka la vitambaa lenye wateja tangu asubuhi hadi magharibi. Anatafuta jengo lililopigiliwa mbao madirishani na kiwanja chenye magugu, na hivyo alivikuta tayari, vimemngoja miaka zaidi ya kumi na tano.

Mimi nilimtunza bibi mmoja mtaa wa 7, eneo la Shaw, kuanzia 1997 mpaka alipofariki 2006. Usiku usingizi ulimpaa, kwa hiyo tulizungumza sana. Alikuwa karani wa kupokea fedha kwenye duka la nguo, hatua chache kutoka kwake. Alhamisi ile, tarehe 4 Aprili, alikuwa amesharudi nyumbani redio ilipotangaza kwamba King amepigwa risasi kule Memphis. Vurugu zilianzia kwenye kona ya mtaa wa 14 na U. Watu walizunguka kuwataka wenye maduka wafunge kwa heshima ya marehemu, baadaye vioo vikaanza kuvunjwa. Ijumaa mchana moto ukashika mtaa wa 7 na huo wa H unaoupita wewe. Alichokikumbuka zaidi ni kufagia. Majivu yalipenya kwenye nyufa za madirisha, akawa anafagia sebule asubuhi, mchana na jioni, na bado ukipitisha kidole mezani kinatoka cheusi. Tarehe 7 ilikuwa Jumapili ya Matawi. Alikwenda kanisani na wanawe watatu wakipita mbele ya wanajeshi wenye bunduki.

Wanajeshi walioletwa walizidi 13,000. Watu 13 walikufa, zaidi ya 6,000 walikamatwa, majengo kama 1,200 yaliharibiwa. Takwimu hizo utazikuta popote. Mimi nataka nikwambie habari ya Jumatatu iliyofuata, maana jibu lako liko huko.

Jumatatu bibi hakuwa na kazi. Mwenye duka hakurudi kabisa. Fedha za bima hazikutosha kujenga upya, na hakupata kampuni ya kumkatia bima nyingine mtaani pale. Hilo lilikuwa tatizo la miji mingi, mpaka Bunge lao likatunga sheria mwaka huohuo wa 1968 ili maeneo yaliyokimbiwa na kampuni za bima yapate angalau mlango wa kuomba bima. Bila bima benki haikopeshi, na bila mkopo hakuna anayepandisha ukuta. Juu ya maduka yale walikuwa wamepanga watu, nao wakatawanyika. Kinyozi aliyepona moto akajikuta hana wa kumnyoa, akafunga mwaka uliofuata. Serikali ikanunua viwanja, ikabomoa mabaki, ikavikalia.

Kabla ya hapo bibi aliwanunulia wanawe viatu vya shule kwa kutembea kwa miguu. Baada ya hapo alipanda basi mbili. Kazi mpya aliipata Maryland, kufanya usafi, saa nzima na nusu kwenda na saa nzima na nusu kurudi, na aliifanya miaka kumi na tisa. Mwanawe wa mwisho alikuwa na miaka minne moto ulipotokea. Jioni zote za utoto wake hakumkuta mama nyumbani. Bibi alilirudia hilo mara nyingi kuliko habari za wanajeshi, na mimi, niliyewaacha wanangu kwa dada yangu Tanga, sikuwa na la kumjibu. Nilimkanda miguu tu.

Halafu tazama yaliyokuja baadaye. Jengo la ofisi za mji lilifunguliwa pale 14 na U mwaka 1986. Ili treni ya chini ya ardhi ifike, mtaa wa U ulichimbwa miaka mingi, na waliokuwa wamevumilia moto wakashindwa kuvumilia shimo. Ben's Chili Bowl, mkahawa uliofunguliwa 1958 na ambao haukufungwa hata siku zile za vurugu, ulikuwa miongoni mwa wachache waliobaki. Kituo kilifunguliwa 1991. Waethiopia wakaingia na migahawa yao kwenye majengo ambayo hakuna aliyeyataka, na ninawaheshimu kwa hilo. Mwaka 2000 Whole Foods, wale wa maduka ya vyakula vya bei ya juu, wakafungua duka karibu na mtaa wa 14, na tangu hapo kodi ikapanda kama maji ya bamvua. Viwanja vilikuwa bei ya bure kwa sababu viliungua na kutupwa. Aliyekuwa na mtaji alivizoa. Wale waliopanda basi mbili kwa miaka thelathini, duka liliporudi mlangoni kwao wakapewa notisi ya kuhama. Hilo, mwanangu, linanichoma zaidi ya moto wenyewe.

Mwalimu_Laurel

Dada Mama Chumbageni, nimekusoma mara mbili. Naongeza jambo moja tu, kwa sababu naona kama tunauanza mkasa katikati.

Watu walikuwa wakiihama Washington kabla ya 1968. Sensa ya 1950 ilihesabu watu 802,178. Ya 1960 ikahesabu 763,956. Wazungu walikuwa wakihamia vitongoji vya Maryland na Virginia, hasa baada ya mahakama kukataza ubaguzi shuleni mwaka 1954. Kusini Magharibi mwa mji serikali ilibomoa karibu mtaa mzima miaka ya hamsini na kuwaondoa watu wapatao 23,000, wengi wao weusi, bila kiberiti cha mtu yeyote. Kati ya walioondolewa wapo waliohamia mitaa ileile iliyoungua baadaye.

Kingine: mwaka 1968 wakazi wa mji huu hawakuwa na meya waliyemchagua. Walter Washington aliteuliwa na Rais Johnson 1967. Uchaguzi wa meya waliupata 1974. Kwa hiyo, wakati wa kuamua kijengwe nini na wapi, mwenye mtaa alikuwa hana sauti kwenye meza. Ghasia ziliongeza kasi na zikawapa wenye fedha sababu ya kutogeuka nyuma. Sensa ya 2000 ilikuta watu 572,059.

Mama_Chumbageni

Mwalimu, nakubali, na asante. Bibi mwenyewe alizaliwa huko Kusini Magharibi. Nyumba yao ilibomolewa. Kwa hiyo alihamishwa mara moja na serikali, na mara ya pili akaletewa moto mlangoni.

Dereva_wa_Zamani

Hapo kwenye magofu yaliyokuwa yakisubiri, dada, umenikumbusha. Kulikuwa na jengo karibu na kona ya mtaa wa 14 na W, abiria wakinitaka niwashushe hapo usiku nilikuwa nakataa. Lilikuwa na masizi juu ya madirisha. Miaka yote ile nilidhani ni wavuta dawa waliolichoma.

Mgeni_Takoma

Asanteni sana. Mama, naomba kuuliza: huyo bibi naye alipewa notisi? Au alifariki kwake?

Mama_Chumbageni

Alifariki kwake, na sababu yake ni nzuri kuisema. Baada ya moto makanisa ya Shaw hayakungoja benki. Kanisa la Lincoln Temple, la weusi wa mtaa ule, liliungana na Westmoreland, kanisa la wazungu la Bethesda, kitongoji cha Maryland, wakajenga ghorofa kumi za nyumba za watu wa kipato kidogo. Lilifunguliwa 1972, kati ya majengo ya kwanza kusimama baada ya vurugu. Bibi aliishi kwenye nyumba ya kanisa kama hiyo, jirani tu. Majengo yale yalijengwa kwa masharti ya kodi nafuu, na ndiyo maana mpaka leo, eneo ambalo vijana wanalipa maelfu ya dola kwa chumba, utaona wazee weusi wamekaa kwenye viti nje jioni. Mwaka 1970 weusi walikuwa asilimia 71 ya mji. Sensa ya 2020 ni kama 41.

Siku usiyo na vifurushi, panda treni ya kijani ushuke Shaw, utokee mlango wa mtaa wa R. Jengo utaliona, si la kupendeza, refu na la kahawia. Mwanawe yule wa mwisho huwa hapo Jumapili kwa rafiki zake wa utotoni, wanacheza domino. Inbox kwangu nimpigie simu, akutembeze mtaa wa 7 wote. Anakumbuka kila mlango, hata milango aliyosimuliwa tu na mama yake.