Kulitazama Bonde la Ufa kwa siku moja kutoka Nairobi: Kimende, Mai Mahiu, Ngong au Corner Baridi?

MpwaniKayole
Wadau, mamangu anakuja kutoka Kilifi mwezi wa saba. Majumba ya mjini hataki, anataka kuliona Bonde la Ufa. Umri umesonga na goti moja linamsumbua, na kuna wajukuu wawili wasiokaa kitako. Tumeazima gari dogo la Jumamosi moja. Mngempeleka wapi kati ya hizo nne, na kwa nini?

DerevaWaNaivasha
Kimende, barabara ya juu ya kwenda Naivasha, bila kufikiri mara mbili. Unaegesha kando ya vibanda, hatua chache tu bonde lote liko chini yako: Longonot mbele na shimo lake la volkano (kilele mita 2,776), Suswa mkono wa kushoto. Nyuma ya vibanda wamejenga majukwaa ya mbao ya kupigia picha. Kuingia ni bure, kutoka bila kununua ndiyo kazi. Kofia za ngozi ya kondoo zitakuwa kichwani mwa mtoto kabla hujazima injini, na kofia ikishavaliwa bei haishuki tena. Patana kwanza.

Wa_Lari
Mimi ni wa huku na nampinga dereva. Mwezi wa saba? Kuanzia Limuru hadi Kinale ukungu unaweza kukaa mpaka saa tano, siku nyingine mpaka mchana. Mtasimama pale mbele yenu ni kama shuka jeupe limeanikwa. Januari au Februari ningekubali Kimende, lakini si Julai.

NjiaYaChini
Mai Mahiu iondoeni kabisa. Kuna lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano waliochonga barabara hiyo miaka ya 1940, na linafaa kuonwa. Lakini malori yanapanda yakikoroma, kona ni kali, na pa kuegesha kwa utulivu ni pachache. Na watoto wasiotulia? La.

MtembeziNgong
Ngong ina kitu ambacho hizo nyingine hazina: unaona pande mbili. Magharibi bonde, mashariki jiji zima, na asubuhi ya anga safi Mlima Kenya unachungulia. Kilele kinafika kama mita 2,460. Kuvuka vilima vyote mpaka upande wa Kiserian si kazi ya goti bovu, lakini si lazima mvuke. Lipeni pale langoni pa Huduma ya Misitu, pandeni na gari mpaka karibu na mitambo ya umeme wa upepo, mshuke hapo. Watoto watasahau bonde waanze kushangaa mapanga yanavyozunguka. Mkitaka kwenda vilima vya mbali, chukueni askari wa msitu. Nyati wapo.

Kasichana_Rongai
Jioni ndiyo tamu jamani! Machweo juu ya bonde, picha zinajipiga zenyewe.

MtembeziNgong
Dada, kwa picha ya mtu na machweo, sawa. Kwa mtu anayetaka kuliona bonde, hapana. Ukingo wa huku kwetu unatazama magharibi. Asubuhi jua liko mgongoni mwako, linamulika kila kilima na kila korongo kule chini. Kuanzia saa tisa linakupiga machoni, vumbi linang'aa, na Longonot inabaki kivuli tu. Watu wengi hufika saa kumi kisha wanasema bonde ni ukungu mtupu.

BabaKiserian
Hamjampa Corner Baridi haki yake. Pita Kiserian, shika barabara ya Magadi, na baada ya mwendo mfupi ardhi inakatika ghafla. Ule ni upande mkavu: mlima Olorgesailie, migunga, na barabara inayoteremka hadi Ziwa Magadi, lililo kama mita 600 tu juu ya usawa wa bahari. Msongamano wa vibanda haupo, mama atatazama kwa raha zake. Mkiwa na nguvu, teremkeni hadi Olorgesailie mkaone shoka za mawe za watu wa kale, zile alizochimbua mwanaakiolojia Mary Leakey na mumewe Louis miaka ya 1940, zimelala palepale ardhini. Ila kule joto ni la kweli, bebeni maji ya kutosha, na kagueni tairi la akiba.

MpwaniKayole
Asanteni sana. Basi nafikiri hivi: Ngong mapema, tupande na gari, kisha Kiserian na Corner Baridi kabla ya jua kutugeukia. Olorgesailie tutaona mama akisemaje. Kimende tumwekee Januari.

BabaKiserian
Umepanga vizuri. Nyama ya mbuzi agizeni Kiserian mkipita, mkirudi mtaikuta tayari. Na jina la Corner Baridi halikutungwa bure, mama wa pwani avae sweta, leso haitatosha.

MpwaniKayole
Na choo je? Mama atauliza hilo kabla ya bonde.

BabaKiserian
Malizeni yote Kiserian kwenye hoteli mtakapoagiza nyama. Mkishapita pale, ni vichaka.