Upele kwa paka wengi: sindano, dawa ya shingoni au kuogesha salfa?

Makorora_1: Wakuu habari za mchana. Paka wangu wana upele, wanajikuna usiku kucha. Bwana mifugo anasema sindano ya ivamektini, dukani wananisukumia dawa ya kudondoshea shingoni, mama mkwe kang'ang'ania salfa. Nanunua kesho. Ipi bora?

Binti Chumbageni: Wangapi? Umri gani? Umeanzia wapi? Unauliza bei ya kanga bila kusema doti ngapi.

Makorora_1: Saba, dada. Ulianza kwa dume, kwenye ncha za masikio, ukashuka usoni. Sasa shingo imekuwa nene, magamba ya kijivu. Wengine watatu wameanza.

Mfugaji Muheza: Kuanzia ncha za masikio ni kawaida ya utitiri uitwao Notoedres cati. Wale wa ndani ya sikio, Otodectes, huacha uchafu mkavu mweusi. Ngozi ikwanguliwe itazamwe kwa darubini kwanza, fangasi nao hutoa magamba. Ikithibitika, piga sindano wote saba siku moja, hata wasiojikuna, urudie baada ya wiki mbili kwa sababu mayai hayafi. Kwa idadi hiyo ndiyo nafuu.

Binti Chumbageni: Nafuu, lakini nani anapima? Chupa ya ivamektini ya ng'ombe ya asilimia moja ina miligramu 10 kwa mililita. Paka wa kilo tatu, kwa miligramu 0.2 kwa kilo, anahitaji mililita 0.06. Hapo hakuna kukadiria kwa macho. Mimi na selamektini ya shingoni tu, kipimo kinakuja tayari kwa uzito.

Mzee wa Duga: Sisi tulipaka mafuta ya taa, wakapona. Mnawadekeza.

Mama Nasra: Shikamoo mzee, ila hapo hapana. Paka hujiramba, unachompaka anakila. Shemeji yangu wa Pangani aliuziwa kichupa cha dawa ya mbwa, muuzaji akamwambia "paka mpe nusu". Akampaka baada ya magharibi. Isha haijaadhiniwa, masikio yanacheza, mara miguu, mate yanachuruzika, paka anajigonga kwenye mguu wa kabati. Tukamwosha kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, tukamzungushia kanga, tukamkimbiza kwa daktari. Yule alipona. Mwenzake aliyekuwa akimramba shingo alikufa alfajiri. Ndani mlikuwa na pamethrini, dawa ya kuua wadudu: mbwa anaihimili, ini la paka haliiwezi. Na kwenye boksi imeandikwa wazi isitumike kwa paka! Tulipomrudia muuzaji akasema labda paka alikuwa mgonjwa tangu zamani.

Mzee wa Duga: Marahaba. Lakini mafuta ya taa si pamethrini. Na mwarobaini je, nao mtaukataa?

Mfugaji Muheza: Kwa mbuzi tutabishana, mzee. Kwa paka siuweki.

Mzee wa Duga: Wa mjini nyie.

Mfugaji Muheza: Muheza mjini tangu lini?

Makorora_1: Nilisahau, mmoja ananyonyesha, vitoto vina wiki tatu. Halafu mchana wote wanashinda sokoni Mgandini kwa wauza samaki.

Binti Chumbageni: Si ungesema mapema! Vitoto hivyo havipewi selamektini. Hapo mama mkwe ana hoja, ila ni salfa ya maji iliyopikwa na chokaa, ipimwe na daktari, si ule unga wa dukani. Inanuka mayai viza, jiandae.

Mfugaji Muheza: Na wakirudi Mgandini wataupata tena.

Makorora_1: Niwafungie ndani saba? Mke wangu atahama. Mkono wake wenyewe unawasha.

Mama Nasra: Huo utaisha paka wakipona, kwa binadamu haukai. Fua matandiko kwa maji ya moto. Vitoto vina rangi gani?

Makorora_1: Kimoja rangi tatu, dume.

Binti Chumbageni: Rangi tatu dume? Mtazame tena, karibu wote ni majike.

Mzee wa Duga: Dume wa rangi tatu nilimwona kule Deep Sea, hapa Tanga, kwa macho yangu.

Mama Nasra: Dume au jike, huyo niwekee mimi.