Mchezo mpya wa jukwaani, kikundi kidogo, ukumbi wa viti 80: tuanze na nini?

JukwaaMoro
Habari za leo wakuu. Tuna kikundi cha watu 9 hapa Morogoro na tunataka kupandisha jukwaani mchezo mpya wa Kiswahili ambao haujawahi kuchezwa popote. Muswada una kurasa 62 na sini (vipande vya mchezo) 14. Ukumbi una viti 80, paa la bati, umeme ni wa soketi za kawaida ukutani. Tumepanga kufungua katikati ya Aprili, tucheze siku 4, kiingilio shilingi 10,000. Tumebakiwa na wiki 10. Naomba mwongozo wa waliozoea michezo mipya hasa. Hela yetu ni kidogo, iende wapi kwanza?

Mwongozaji_Pwani
Mkuu, mchezo uliokwisha kuchapishwa na kuchezwa umepigwa msasa na waliotangulia. Wenu bado, na msasa huo haufai kuanza wakati waigizaji wameshakariri. Wiki 4 za mwanzo zipeni muswada peke yake, 6 zinazobaki ziwe za mazoezi. Siku 4 kwa wiki, saa 3 kila siku, mnapata saa 72. Kwa mchezo wa dakika 90 zinatosha, ila hazina nafasi ya kuandika upya sini nzima wiki ya tano.

Fanyeni usomaji mara tatu. Wa kwanza ni wa mezani, wenyewe kwa wenyewe. Mtu asiye na sehemu asome maelezo ya jukwaani, mwingine ashike saa, mtunzi akae kimya na kalamu. Msikadirie muda kwa kuhesabu kurasa. Usomaji wa dakika 75 ukifika jukwaani huwa 85 hadi 90, kwa sababu watu wanatembea, wanakaa, wananyamaza.

Wa pili uje baada ya siku 10 hivi, muswada ukiwa umerekebishwa. Wa tatu waiteni wasikilizaji 15 au 20 wasiojua hadithi. Msiwaulize kama wameupenda, watawajibu kwa adabu tu. Waulizeni: ulipotea wapi? Mhusika mkuu alikuwa anataka nini? Ni wapi ulianza kuwazia mambo yako? Mtu mmoja akae pembeni aandike namba ya ukurasa kila wanapojigeuza kwenye viti au kushika simu. Kurasa hizo ndizo za kukatwa, hata kama mtunzi anazipenda kuliko zote. Naye asijitetee siku hiyo. Akianza kueleza alichokusudia, wasikilizaji wanaacha kusema walichokisikia.

Mambo mawili yananitia wasiwasi kabla hata sijauona muswada. La kwanza ni hizo sini 14. Watunzi wengi wa sasa wamekua wakitazama tamthilia za runinga, kwa hiyo wanakata sini kama kamera ipo. Jukwaani kila mkato ni watu kuhamisha viti gizani. Mikato 13, kila mmoja sekunde 40, ni karibu dakika 9 za giza, na kila giza likija watazamaji wanaanza kuongea. Unganisheni zinazotokea mahali pamoja, mfike 6 au 7. Zinazobaki zibadilishwe taa ikiwaka, mwigizaji mwenyewe aondoke na kigoda chake.

La pili ni lugha. Funikeni majina ya wahusika kwa karatasi, msome majibizano tu. Kama konda wa daladala na mwalimu mkuu hamuwatofautishi, mtunzi kawapa wote Kiswahili cha kitabu.

Kila toleo liwe na tarehe chini ya ukurasa. Bila hivyo wiki ya pili ya mazoezi mtakuta watu watatu wameshika miswada mitatu. Siku 14 kabla ya kufungua, muswada ufungwe. Kuanzia hapo hakuna kuongeza neno, na wanaopenda kujazia maneno yao waelezwe mapema. Akijazia mmoja, mwenzake hapati ishara yake, na fundi taa pia anapotea.

FundiTaa
Naongezea ya ukumbi. Katikati ya Aprili ni masika, na paa ni bati. Mvua kubwa ikishuka hapo hakuna sauti itakayofika mstari wa tatu, na maikrofoni moja ya kusimamisha haitaokoa chochote. Sogezeni Juni au Julai. Mtapata na wiki za ziada za muswada.

Taa: tuseme jukwaa ni la mita 6 kwa 5, ligawe mbele sehemu 3, kila sehemu taa 2 kutoka pande mbili, kwenye mwinuko wa nyuzi 45 hivi. Ongeza 2 za nyuma kuwatenga watu na pazia. Jumla 8. Zile PAR za zamani (taa za jukwaani zenye umbo la kopo) za wati 1,000 zikiwa 8 ni wati 8,000, karibu ampea 35, na soketi ya ampea 13 haizidi wati 3,000. Kodini za LED. Nane za wati 150 ni wati 1,200 tu, soketi moja inatosha, na umeme ukikatika jenereta ndogo inazibeba. Hiyo jenereta ikae nyuma ya jengo, mbali na madirisha.

Mkikodi, ulizieni zenye rangi nyeupe ya joto (inayoelekea njano) au kaharabu (njano iliyokolea). Zenye nyekundu, kijani na bluu pekee zinaifanya ngozi nyeusi ionekane ya majivu. Waya wa ekstensheni uliozungushwa kwenye gurudumu ukunjueni wote, ukiachwa umejiviringa unapata moto na kuyeyuka.

Pazia la nyuma kaniki inafaa. Kwa upana wa mita 6 shoneni mita 9 ili ipate mikunjo. Ikivutwa bapa, mwanga unapenya.

JukwaaMoro
Asanteni sana. Tunahamia Julai, na mtunzi kakubali kuunganisha sini. Je, tumlipeje mtunzi, na vibali tuanzie wapi?

Mwongozaji_Pwani
Andikeni mkataba kabla ya usomaji wa kwanza, ukurasa mmoja unatosha: haki ya kucheza siku 4, asilimia ya mapato ya mlangoni, na sentensi inayosema muswada unabaki mali yake. Mapendekezo ya waigizaji kwenye mazoezi hayawafanyi wawe watunzi wenza, liandikwe hilo pia, ndilo linalogombanisha vikundi. Chukua viti 320 kwa siku zote 4, mkiuza asilimia 60 ni tiketi 192, shilingi 1,920,000. Mtunzi kwa asilimia 8 anapata 153,600. Bajeti ipangeni kwa hiyo asilimia 60, msiipange kwa ukumbi kujaa. Nauli za mazoezi ziwe mstari wa kwanza, maana mwigizaji asiye na nauli haji.

Vibali: kikundi kisajiliwe BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inahusu michezo ya jukwaani pia. Nendeni kwa afisa utamaduni wa manispaa mkiwa na muswada uliofungwa. Mkipeleka toleo la kwanza kisha mkabadilisha sini nusu, mtakuwa mmeombea kibali mchezo mwingine.