Naomba ushauri: MBA kwa mhasibu wa Chake Chake, inalipa?

Assalaam alaykum wakubwa. Mhasibu mwenye shahada ya kwanza na ajira ya kudumu Chake Chake, Pemba, aende kusoma MBA (shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara) Unguja au atulie?

Hesabu ni hii: tuseme ada, utafiti na nauli za boti zifike milioni 8. Mshahara ukipanda laki 2 kwa mwezi, fedha inarudi baada ya miezi 40. Usipopanda, hairudi abadan. Kwa hiyo la kwanza ni kumuuliza mwajiri, tena kwa maandishi, kama shahada hiyo inabadilisha daraja. Mkopo wa riba tushauweka kando.

Linalonitia shaka zaidi ni tasnifu. Masomo ya darasani humalizika. Watu hukwama kwenye pendekezo la utafiti, msimamizi hapatikani, muda unapita, ada ya nyongeza inaingia. Na kwa uhasibu wenyewe, cheti cha taaluma ya uhasibu, CPA, cha NBAA (bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu Tanzania) ndicho kinachofungua usajili wa mhasibu aliyeidhinishwa. MBA peke yake haifungui.

Mliopitia, mlianza na kipi? Na nyinyi wa Pemba, darasa la mwisho wa wiki linawezekana kweli bahari ikichafuka?