Tupeane uzoefu: nani amewahi kushughulikia dari la chumba chake cha muziki?

SautiJuu
Wakuu, salaam. Tukizungumzia chumba cha kusikilizia muziki tunaishia kwenye kuta na zulia, dari hakuna anayeligusa. Juzi nilikaa kwa jamaa mmoja: paneli za kunyonya sauti ukutani, pazia zito, zulia nene. Lakini ukipiga kofi moja pale kwenye kochi unasikia "trrrrr" juu ya kichwa. Zege tupu! Nikakumbuka changu kilivyokuwa.

Dari langu lipo mita 2.4, twita (kipaza kidogo cha sauti nyembamba ndani ya spika) na masikio yapo kama mita 1 kutoka chini, na nakaa mita 2.5 kutoka kwenye spika. Piga hesabu: sauti inayopitia darini inatembea karibu mita 3.75, kwa hiyo inachelewa milisekunde 3.7 hivi. Sikio haliisikii kama mwangwi. Linaichanganya na sauti ya kwanza, ile inayotoka moja kwa moja kwenye spika, na pale mawimbi yanapopingana yanauana. Kwangu shimo la kwanza, yaani pale sauti inapopotea, lilikuwa karibu na hezi 137 (mitetemo 137 kwa sekunde), kwenye unene wa sauti ya mwanaume. Mwimbaji anakuwa mwembamba, na unaishia kuzilaumu spika bure. Waliofanya kazi darini, mlitumia nini na mlifunga vipi?

DadaBesi
Hiyo "trrrrr" naijua. Vigae chini, zege juu, sauti inapanda na kushuka mpaka ichoke. Inakera sana kwenye piano.

Kobe77
Sponji ya godoro na gundi. Jioni moja umemaliza.

MtuWaWaya
Kobe, tafadhali sana. Sponji ya godoro usiipandishe darini. Klabu ya Kiss kule Santa Maria, Brazil, Januari 2013: fataki ya jukwaani iligusa sponji ya darini, wakafa watu 242, wengi wao kwa moshi. Sponji ya polyurethane isiyozuiliwa moto inatoa moshi wa sumu ndani ya dakika chache, na darini ndiko moto unakokimbilia. Weka sufu ya mawe, ile ya nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa, haiungui.

Kobe77
Ile ilikuwa klabu na fataki. Mimi nasikiliza jazi peke yangu.

MtuWaWaya
Na taa ya dari je? Na waya zake?

MamaVinili
Mmenitonesha kidonda, ngoja niseme. Kwetu chumba ni cha baba, mzee wangu na santuri zake. Tukamwita fundi, akabandika paneli nne za sufu ya mawe kwenye dari la jipsam, kila moja sentimita 60 kwa 120, unene 10, fremu ya mbao. Alitumia gundi peke yake. Tukamuuliza skrubu ziko wapi, akasema gundi hii inashika hata gari.

Sauti ilibadilika kweli. Baba alisikia mpiga besi anavuta pumzi kabla ya kuanza, akaturudisha wote tukae tusikilize.

Halafu likaja joto. Jioni moja baba akainuka kugeuza santuri. Alikuwa amefika hatua mbili hivi nikasikia kitu kinachanika juu, taratibu, kama karatasi. Paneli ikaja kwa kona moja, ikatua kwenye kiti alichokuwa amekalia, ikavunja mkono wa kiti. Nilipiga ukelele majirani wakaja.

Tulipoigeuza ile paneli, gundi ilikuwa nzima, inang'aa. Imeshika kabisa. Kilichoachia ni rangi ya dari: imebanduka na gundi, ngozi nyeupe nzima, hata mistari ya brashi inaonekana. Zilizobaki tulizishusha usiku uleule.

DadaBesi
Yesu! Mzee hakuumia?

MamaVinili
Hakuguswa. Ila mpaka leo akiingia chumbani anatazama juu kwanza.

Pleya33
Na sindano ya pleya ilisalimika?

DadaBesi
Pleya, watu wanazungumza mzazi wewe unauliza sindano.

Pleya33
Dada, mzee mwenyewe angeuliza hivyohivyo.

MamaVinili
Aliuliza. Ilisalimika.

Kobe77
Kwa hiyo gundi haina kosa, kosa ni la rangi.

MtuWaWaya
Kobe, sufu pekee ya paneli ile ni kama kilo 3.6, bado fremu. Kitu hicho huning'inizi kwa kutegemea rangi!

SautiJuu
Pole sana mama. Jamani, turudi darini. Kuna aliyeacha nafasi nyuma ya paneli?

Mawimbi
Mimi. Paneli ya sentimita 10, na nyuma yake hewa sentimita 10. Kwenye dari lenyewe hewa haina pa kwenda, kwa hiyo sufu iliyolala palepale inakamata zaidi sauti nyembamba. Ukiishusha inafika hewa inapotembea, na inakamata sauti nene zaidi bila kuongeza sufu. Mahali pa kuiweka: mwenzako ateleze kioo darini, wewe kaa kwenye kochi. Ukiona spika kwenye kioo, hapo ndipo.

IkwalaizaTu
Nimerekebisha kwa ikwalaiza, ile ya kupandisha na kushusha sehemu za sauti, sijapanda ngazi.

Mawimbi
Ukiongeza nguvu kwenye shimo, sauti ya darini nayo inaongezeka kiasi kilekile. Zinaendelea kuuana, unachosha amplifaya.

Kobe77
Dari refu liacheni. Mita 4 linahitaji nini?

DadaBesi
Hapo namuunga mkono Kobe, kidogo.

Pleya33
Mimi ningefunika dari zima.

Mawimbi
Usifanye hivyo, chumba kitakufa na besi itabaki inanguruma. Kwa dari la mita 2.4 kuna mngurumo karibu na hezi 71, na paneli nyembamba haziugusi.

Mpangaji
Nikifunga hizo, jirani wa juu ataacha kunisikia?

MtuWaWaya
Hapana. Sufu inatuliza sauti iliyomo ndani, haiizuii kutoka. Kuizuia kunataka uzito, na dari la pili lisilogusa la kwanza.

MamaVinili
Nimerudi kujibu swali la kufunga. Fundi wa pili aligonga jipsam kutafuta mbao zilipo, akafunga kulabu kwenye mbao zenyewe, kila paneli inashikwa na waya wa chuma kila kona, na waya wa tano wa akiba katikati. Kwenye zege toboa na uweke bolti za chuma za kutanuka. Baba alizivuta paneli zetu mwenyewe kila moja kabla hajakubali kukaa.